Kichupa Mfukoni: Tulivyoanza Kutakasa Mikono Wodini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Anayekujua kwetu anajua shida ya maji. Ikifika Oktoba, watu wakiwa mashambani wanaokota korosho, bomba hukauka na tanki la mvua hubaki na maji ya chini kabisa. Kwa hiyo mtu akituuliza mbona hatunawi, jibu lilikuwa moja: maji hakuna.

Siku moja nilichukua daftari nikakaa pembeni wakati wa raundi. Nilifuata zile nyakati 5 za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kuweka kanula (kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa), baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Anayetakasa mikono namwekea vema, anayeruka namwekea kosa. Ukurasa ulijaa makosa, na siku hiyo maji yalikuwepo. Vema zenyewe karibu zote zilikuwa za "baada". Yaani tulikuwa tunajikinga sisi, mama na kichanga chake tumewaacha hivi hivi. Iliniuma, kwa sababu zamu yangu ya usiku haikuwa tofauti.

Sinki letu liko mwisho wa korido. Kunawa vizuri kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, ukijumlisha na kwenda na kurudi, huku wajawazito wawili wana uchungu, nani ataenda? Nikamfuata mfamasia wetu. Alitengeneza kitakasa mikono kwa fomula ya Shirika la Afya: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi zifike lita 10. Unaiacha saa 72 kabla ya kuitumia, mbali na moto. Kila mtu akapewa kichupa cha mfukoni. Sekunde 20 hadi 30, pale pale kitandani. Mikono yenye damu au uchafu unaoonekana, hapo bado ni maji na sabuni; kwa hiyo tukaweka na ndoo yenye koki mlangoni.

Vichupa peke yake havikutosha. Nilisaga mkaa, nikauchanganya na mafuta ya nazi, nikawafunga wenzangu vitambaa machoni wajipake kama wanavyojipaka kitakasa. Walipofungua macho, viganja vilikuwa vyeusi tititi, lakini vidole gumba na ncha za vidole havikuguswa. Mhudumu wetu mkongwe aliitazama mikono yake kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, si hapa ndipo ninapomshikia mtoto kichwa?" Kuanzia siku ile yeye ndiye anayewakumbusha wageni.

Kazi ngumu imebaki kwenye glavu. Mtu anavaa jozi moja, anapita nayo vitanda vitatu, anaamini yuko salama. Sasa tunasimama naye pale pale: vua, takasa, vaa nyingine. Na akina mama tumewaruhusu watuulize. Juzi mmoja alinizuia mkono ukiwa tayari juu ya kitovu cha mwanawe: "Sista, umejipaka?" Nilikuwa sijajipaka. Nikatoa kichupa.