Bibi na kereng'ende wa Amani

Shemeji kajifungua mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillah, na shuleni tumepata mkuu mpya. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nina neno la kaka, limenikaa kooni tangu Jumapili.

Nilikuwa nimempa Bibi simu aone picha ya kereng'ende wa Amani. Mnaonisoma tangu zamani mnajua ninavyomhangaikia mdudu huyu. Bibi akaisogeza simu karibu na uso, akasema, "Huyu tulikuwa naye kijitoni, tukienda kuchota maji." Kaka hakuinua hata macho kutoka kwenye sahani. "Bibi anakubali kila picha."

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka. Mimi sikuweza.

Kereng'ende huyu anajulikana kutoka kijito kimoja tu duniani, ndani ya msitu wa Amani-Sigi, Usambara Mashariki. Mtaalamu wa wadudu Pinhey alipomwandika kitaalamu mwaka 1962 alimpa jina la Gillies, mtafiti wa mbu wa malaria aliyefanya kazi pale Amani. Katika jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu, yuko peke yake, hana ndugu. Mwaka 2012 akatajwa miongoni mwa viumbe 100 vilivyo karibu zaidi kutoweka duniani. Sasa mtu akikwambia "tulikuwa naye", na kijito anachokitaja ni kingine kabisa, nani angeendelea kula?

Nikamfuata jikoni.

"Bibi, akitua, mabawa aliyaweka vipi?"

"Mume wangu, unaniuliza kama polisi."

"Nionyeshe tu."

Akaweka mwiko chini, akanyoosha mikono yote miwili pembeni, viganja vikitazama chini, akatulia hivyo hivyo. Kereng'ende wembamba wengi wakitua huyafunga mabawa juu ya mgongo. Huyu naye ni mwembamba, ila huyalaza wazi. Na picha yangu ni ya kichwa na kifua tu, mabawa yamekatwa! Bibi hakuyaona kwenye simu. Nimeirudia mikono ile sijui mara ngapi, kitandani, kwenye daladala, hata nikisahihisha madaftari. Sisemi ni ushahidi wa kumpelekea mtaalamu, maana wapo wembamba wengine wanaoacha mabawa wazi. Lakini hakukubali picha tu. Alikumbuka.

"Kulikuwa na kivuli?" nikauliza.

"Kivuli cha kukutia baridi mchana. Jua hulioni."

Ndivyo anavyotaka, maji yanayotiririka chini ya miti mikubwa. Mtoto wake hukulia humo majini akiwinda wadudu wadogo, na hata akiota mabawa haendi mbali na kijito.

"Halafu wakaja na iliki," Bibi akaendelea, mwiko umerudi chunguni. "Wakafyeka chini, wakaacha miti ya juu. Iliki ilipochoka, miti nayo ikaenda. Sasa ni mahindi mpaka ukingoni."

Hasira yangu kwa kaka iliishia hapo. Hata nikimshinda leo, nitamwonyesha nini kule? Jua linapiga maji tangu asubuhi. Kama Bibi alisema kweli, na mimi naamini alisema kweli, basi kulikuwa na kijito cha pili, kikaisha bila mtu yeyote kukiandika.

Nataka nirudi nimrekodi vizuri, kijito kwa kijito, majina yote. Ila shule ya mwanangu Asha inafunguliwa Jumatatu, nauli yake bado sijaipata, na godoro nalo wamesema kila mwanafunzi aende na lake.