Katiba ya kampuni ya dagaa iliyouza nondo

Mimi na shemeji tunauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Tulipotaka kusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, tukampa kazi jamaa aliyejiita wakili. Katiba aliyoleta ilisema tunauza saruji na nondo! Kainakili kwa watu wengine, hata jina la kampuni yao kasahau kulifuta ukurasa wa tatu. Kishoka mtupu, wakili feki.

Safari hii tulipopata wakili mwingine, nilianza kwa kutafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Yumo. Bei tukaandikiana kabla ya kazi. Kisha akauliza jambo ambalo yule wa kwanza hakuligusa: hisa mnagawanaje, na mmoja akitaka kutoka? Shemeji akakohoa. Tulibishana siku mbili, tukafikia 60 kwa 40, wakili akaandika. Cheti tunacho.