Kutoka Katubuka hadi Sabiha Gökçen, na mabegi yaliyorudi kwa treni

Shangazi alianza kufunga begi siku nne kabla ya safari. Ana kibanda cha nguo sokoni Mwanga, na miaka yote amekuwa akinunua mzigo Kariakoo kwa watu wanaoufuata Uturuki. Mwaka 2024 aliamua kuufuata mwenyewe, akaniomba nimsindikize kwa kuwa mimi nilishapita huko. "Wewe unajua njia, mimi najua nguo," akasema. Tukakata tiketi.

Uwanja wa ndege wa Kigoma uko Katubuka, mwendo mfupi kwa bajaji kutoka kwetu Ujiji. Ukifika asubuhi ya siku ya ndege huhitaji kuuliza watu wanakwenda wapi, mizigo yao inasema. Kila wa pili ana boksi la dagaa lililozungushiwa gundi ya karatasi, na harufu imeshatangulia mzanini. Sisi tulikuwa na boksi letu na dumu la mawese la lita tano, zawadi kwa kijana wa Kasulu anayeishi Istanbul ambaye angetupokea. Dada wa ukaguzi alilitazama lile dumu, akalitikisa kidogo, akatikisa na kichwa. Dagaa wakapita, mawese yakabaki. Shangazi akatoka nalo hadi kwenye uzio, akamkabidhi binamu yangu, akarudi amenuna. Alikuwa ameyachagua mwenyewe kwa mkamuaji wa Simbo, mekundu kama damu.

Ndege yetu ilikuwa ya pangaboi, zile za viti 76. Ilipoinuka ikakata kona juu ya Ziwa Tanganyika, na kwa dakika moja hivi tuliuona mji wote umelala pale chini: bandari, stesheni ya Mjerumani, mitumbwi ya Kibirizi. Kisha ziwa likabaki nyuma, ikaanza misitu ya miombo isiyokwisha. Tuligusa Tabora, wakashuka wengine, wakapanda wengine, tukaenda zetu Dar es Salaam. Safari hiyo kwa treni ni siku mbili. Shangazi aliiweka saa yake mkononi na kuitazama kila mara, kama mtu anayehesabu deni analolipwa.

Dar tulilala. Doha tulikaa saa chache kwenye viti. Hayo hayana hadithi.

Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Ule unaojulikana na wengi uko upande wa Ulaya, ulifunguliwa 2018. Tiketi yetu ilikuwa ya ule wa pili, upande wa Asia, unaoitwa Sabiha Gökçen. Sabiha alikuwa binti wa kulea wa Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki, na mwanamke wa kwanza wa Uturuki kurusha ndege za kivita. Alizaliwa 1913, mwaka ule ule Wajerumani walipokuwa wakiunda kule Papenburg meli ya ziwa letu ambayo sisi tunaiita Liemba. Uwanja ulianza kazi Januari 2001, naye akafariki Machi mwaka huo huo. Nilipomweleza Shangazi kwamba jina lile kubwa juu ya jengo ni la mwanamke rubani, alisimama na begi lake katikati ya njia, watu wakawa wanatuzunguka. "Mpige picha," akaniambia. Akimaanisha lile jina.

Mimi nilikuwa nimeupita uwanja huo mwaka 2019, na nataka niseme nilichokiona, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Mwaka ule kutoka pale kwenda mjini ilikuwa basi au teksi, na foleni ya Istanbul ni foleni ya mji wa watu zaidi ya milioni 15. Ulikuwa uwanja wa watu wa tiketi za bei nafuu, uko mbali, na uchovu wa njia ulikuwa sehemu ya nauli. Jengo kubwa la abiria lilikuwepo tangu 2009, ndege zilijaa, lakini njia ya kuruka na kutua ilikuwa moja tu. Safari hii nilikuta mambo mawili mapya. Desemba 2023 walifungua njia ya pili, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3.5. Na kabla ya hapo, Oktoba 2022, treni ya chini ya ardhi ilifika uwanjani. Mwaka huo wa 2024 walipita pale abiria zaidi ya milioni 41. Mkoa wetu wa Kigoma, kwa sensa ya 2022, una watu karibu milioni 2.5.

"Treni ya kwenda wapi hii?" Shangazi aliuliza tukiwa kwenye ngazi za umeme.

"Mjini."

"Inaingia humu humu uwanjani?"

"Humu humu, Shangazi."

Hakujibu. Tukanunua kadi, tukapanda. Stesheni ni nyingi, watu wanaingia na kutoka na mifuko ya sokoni, wanafunzi, wazee. Pale Ayrılık Çeşmesi tukabadili, tukachukua Marmaray, treni inayopita chini ya mlango wa bahari kutoka Asia kwenda Ulaya. Nilimwinamia sikioni: "Sasa tuko chini ya bahari." Shangazi alilivuta boksi la dagaa mapajani, akalikumbatia kwa mikono miwili, midomo ikawa inasoma dua. Tulipotokea Sirkeci akapumua. "Ziwani nimevuka mpaka nimesahau hesabu," akasema. "Chini ya maji sijawahi kupita."

Kutoka hapo ni tramu hadi Laleli, mtaa wa maduka ya jumla. Huko mimi nikawa mbeba mifuko. Nimemjua Shangazi maisha yangu yote lakini sikuwahi kumwona akinunua. Haulizi bei kwanza. Anaigeuza blauzi nje ndani, anavuta mshono kwa vidole gumba viwili, anatazama kama uzi unafunguka. Halafu analowesha kidole mate, anasugua kwenye pindo, anakitazama kidole kama kimeshika rangi. Muuzaji anaandika namba kwenye kikokotoo, yeye anakichukua, anafuta, anaandika yake. Siku tatu, bila lugha yoyote ya pamoja, hakudanganyika hata mara moja. Kijana wa Kasulu alikula dagaa wetu kwa ugali wa unga wa Kituruki na kuuliza mara mbili habari za mawese.

Wakati wa kurudi tulikuwa na mabegi manne, mawili kila mtu, kila moja kilo 23 kasoro kidogo. Sabiha Gökçen yalipita bila neno. Dar es Salaam ndipo tulipokwama. Tiketi ya ndani iliruhusu begi moja moja, na gharama ya kilo za ziada tuliyotajiwa kaunta ingekula faida ya begi zima. Shangazi alikaa kwenye benchi, akapiga hesabu kwenye simu, akaipiga tena. Sikumlaumu yule wa kaunta, ndege ya pangaboi ina uzito wake. Lakini niliumia. Mfanyabiashara wa Kigoma analipa mara mbili kwa kila kitu kwa sababu ya umbali, na pale nilimwona akilipa.

Mabegi mawili tukapanda nayo. Mawili ndugu yetu wa Dar akayapeleka stesheni, yaje kama vifurushi.

Tulipotua Katubuka nilitazama nje kwa jicho jingine. Uwanja uko juu, stesheni na bandari ziko chini ziwani, kilomita chache tu, na kati yao ni bajaji na bodaboda. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ilifika hadi ukingoni mwa maji, treni ikakutana na meli. Waliochora ile reli walijua mzigo wa Kongo na Burundi utashukia wapi. Sasa inajengwa reli mpya ya kisasa kutoka Tabora kuja kwetu, na uwanja nao unapanuliwa. Natamani sana wanaochora hiyo na wanaochora huu wakae meza moja, maana Sabiha Gökçen ilingoja miaka 21 kupata treni yake, na ile ni Istanbul.

Siku ya tano binamu alipiga simu kwamba treni imeingia. Nilimkuta Shangazi ameshafika, amekaa kwenye ngazi za stesheni, risiti mkononi. Mabegi yalitoka behewani mekundu kwa vumbi. Kwenye mkono wa moja ile karatasi ya uwanjani ilikuwa bado inaning'inia, herufi tatu nyeusi: SAW, alama ya Sabiha Gökçen. Nilitaka kuichana. Shangazi akanishika mkono.

"Iache mpaka sokoni," akasema. "Waione."