Altrasaundi sio ya mimba tu jamani

Ukitaja altrasaundi watu wanawaza mimba na ile jeli ya baridi tumboni, basi. Kumbe mawimbi ya sauti ukiyakusanya yakakutana sehemu moja ndani ya mwili, kama mtoto anavyochoma karatasi kwa lenzi juani, pale yanapokutana joto linapita nyuzi 60 na seli zinakufa, na ngozi juu haijakatwa hata kidogo. Kuna na histotripsi, hiyo haichomi, inatengeneza viputo vidogo sana vinavyopasuapasua seli mpaka zinabaki ujiuji, ilianzia Chuo Kikuu cha Michigan na Marekani wakaipitisha 2023, ila kwa uvimbe wa ini.

Mimi ninachokiwaza sana ni kansa za kichwa na shingo, yaani mdomo, ulimi, koo huko. Matibabu yake yanamgusa mtu kwenye kula na kuongea. Unapona sawa, lakini mionzi imeua tezi za mate, kila tonge la ugali lazima ulisukumie na maji, na wengine wanaondolewa zoloto lote, yaani kile kisanduku cha sauti kooni, wanabaki kupumua kwa tundu la shingoni na sauti yao ndo imeenda hivyo. Inauma sana.

Mwaka 2016 dawa mbili za kusaidia kinga ya mwili, pembrolizumab na nivolumab, zikaruhusiwa Marekani kwa kansa hizi. Hizi haziui kansa zenyewe, zinazuia ule ujanja wa kansa wa kuziambia seli za kinga zitulie. Shida ni kwamba kansa ikisharudi au kusambaa, dawa ikiwa peke yake uvimbe unanywea vya kutosha kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya watano, maana uvimbe mwingine kinga haijauingia kabisa, sasa hapo dawa itamwamsha nani?

Ndo sauti inapoingia. Uvimbe ukipasuliwa vipande vinamwagika, seli za kinga zinaviokota, zinaijua sura ya adui, alafu dawa inazilinda zisizimwe. Kinachotafutwa ni upige uvimbe wa shingoni tu na kinga iufuate mpaka ule wa kwenye mapafu ambao haujaguswa. University of Virginia wana kituo kabisa cha kuunganisha hivi vitu viwili, kilianzishwa 2022.

Ila shingo ni pagumu. Koo lina hewa na hewa inayarudisha mawimbi, mfupa wa taya nao unazuia, mishipa mikubwa ya damu ya kwenda ubongoni inapita hapohapo, na mgonjwa akimeza mate tu ile sehemu uliyoilenga imeshasogea.

Kwa hiyo kwa kansa ya kichwa na shingo hii bado ni ya utafiti, mtu asije akaacha upasuaji au mionzi eti anasubiri altrasaundi. Na kama una kidonda mdomoni hakiponi au sauti imekwaruza zaidi ya wiki 3, nenda hospitali wakakuangalie, usikae unasukutua maji ya chumvi tu.