Nimekubali sindano ya jicho

Ndugu zangu, wengi mmenipigia mkinisihi niache, eti nitapofuka. Asanteni kwa kunijali, lakini nimekubali kuchomwa.

Katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, katika jicho la kushoto imeota mishipa mipya ya damu, nayo inavuja. Ndiyo maana nguzo za umeme njia ya Tukuyu naziona zimepinda, na pale Mwanjelwa mtu namtambua kwa sauti tu, usoni pana doa. Pembeni naona vizuri. Daktari alinipa karatasi yenye mistari iliyochorwa miraba midogo midogo. Mistari ya katikati ilikuwa mawimbi matupu.

Dawa ni bevasizumabu, iliyoanza kama dawa ya saratani ya utumbo mpana. Inazuia ile mishipa kukua na kuvuja. Kilichokwisha kufa hakirudi, ila kusubiri ni kupoteza zaidi. Jicho linatiwa matone ya ganzi na kusafishwa kwa ayodini. Sindano yenyewe ni sekunde chache. Maambukizi yanaweza kutokea, ingawa ni nadra.

Kinachonielemea ni gharama, maana mwanzoni inachomwa kila mwezi. Wanangu wamesema mavuno ya viazi ya Uyole yatangulie huko.

Mwenye mzee anayeona mistari imepinda, tafadhali mpelekeni mapema.