Mguu unapoachia mafuta

Mchana kazi yangu ni kupiga picha magari yaliyogongwa, na jioni, badala ya kupumzika na mambo hayo, nakaa kibarazani naangalia video za magari yanayogonga. Tofauti ni bei tu. Ya mchana ni IST, Noah na Mark X za watu wa hapa Mtwara wanaofuatilia bima. Ya jioni ni Porsche, Ferrari na McLaren za watu ambao wala si madereva wa mashindano. Ni watu na kazi zao, wamelipa waingie na magari yao kwenye uwanja wa mbio kwa siku moja, wakanyage mafuta bila kupigwa tochi. Wengi hufurahi wakaenda zao. Wachache gari linaondoka limebebwa na wao wanaondoka kwa teksi.

Mtoto wa kaka yangu, anayesomea ufundi wa magari VETA, huwa tunaangalia wote. Hukumu yake ni fupi: "Shangazi, hawa hela zimewazidi." Nimebishana naye wiki nzima, na kwa kuwa yeye hasikilizi, nimeona niandike.

Video nyingi zinatoka Nürburgring, Ujerumani, kwenye ule mzunguko mrefu wa zamani uitwao Nordschleife, uliofunguliwa 1927. Raundi moja ni karibu kilomita 20.8. Ukiinyoosha barabara hiyo kuanzia Mtwara mjini, unapita Mikindani na bado unakwenda. Ndiko Niki Lauda, dereva wa mbio za Formula 1, alikoungulia ndani ya gari tarehe 1 Agosti 1976, na mbio hizo hazikurudi tena kwenye mzunguko ule. Lakini mtu wa kawaida mwenye leseni na gari linaloruhusiwa barabarani, siku zilizotengwa, analipa na kuingia. Kisheria inahesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya upande mmoja, kwa hiyo sheria za barabarani za Ujerumani zinamfuata hadi humo ndani. Kuovateki kwa kulia hakuna. Kupima muda wa raundi nako hakuna, ingawa kila mtu anajua saa inasomwa kichwani.

Kuna kona ya Adenauer Forst ambako watazamaji hukaa na simu zao tayari. Gari linateremka kwa kasi kubwa, linapanda, halafu ghafla barabara inabana na asiyeijua ananyoosha moja kwa moja kwenye majani. Hapo watu hucheka, dereva anarudi barabarani kwa aibu, basi. Video niliyoirudia mno si ya hapo. Ni Porsche 911 nyeupe kwenye kona nyingine ya kawaida, haitishi hata kidogo. Dereva kaingia na spidi, katikati ya kona moyo ukamwenda mbio, akaachia mafuta.

Ajali ilitokea pale. Kile chuma alichokuja kukigonga baadaye kilikuwa kinapokea taarifa tu.

Injini ya 911 iko nyuma kabisa, hata ekseli ya nyuma imepitwa. Ukiachia mafuta ghafla ndani ya kona, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi na kushika kwake kunapungua, na ule uzito wa injini unataka kuendelea na safari yake. Kinachofuata ni nyuma kutaka kupita mbele. Kwenye video unaona mikono inapishana juu ya usukani, kulia, kushoto, kulia, na gari limeshaacha kusikiliza. Bampa la nyuma linapasuka, vipande vinaruka juu ya ukingo. Halafu kimya, mlango unafunguka, mwanamume mzima anashuka, anavua kofia ngumu, anashika kiuno. Kule kushika kiuno nakujua. Watu wa hapa wanashika vilevile.

Kinachonisumbua ni kwamba mguu ule ulifanya jambo la kibinadamu kabisa. Ukiogopa, punguza mwendo. Ndivyo tulivyofundishwa, na kwa IST kwenda Chikongola sokoni ni sawasawa. Magari ya sasa yana kompyuta inayokamata gurudumu mojamoja ili gari lisiserereke, na Ulaya tangu 2014 gari jipya haliuzwi bila mfumo huo. Ila mengi ya yale ya mbio yana kitufe cha kuuzima, na mwanamume aliyelipia siku nzima mbele ya rafiki zake anakiona kitufe kile kama dharau.

Halafu kuna matairi. Hufungwa matairi laini yenye kashata chache, ambayo yakipata moto yanang'ang'ania lami ajabu. Raundi ya kwanza ya asubuhi bado hayajapata moto, na ndiyo raundi ambayo mtu ametoka nyumbani nayo kichwani. Umri wa tairi nao watu wanausahau. Paul Walker, ambaye vijana wetu wote walimjua kwa sinema za magari, alikuwa abiria kwenye Porsche Carrera GT tarehe 30 Novemba 2013 walipogonga, barabara ya kawaida tu huko California. Wachunguzi walikuta matairi yana miaka 9. Sisi hapa tunanunua tairi la mtumba kwa kutazama kashata, tunapiga ngumi mbili, tunalipa. Ubavuni kuna tarakimu nne, wiki na mwaka lilipotengenezwa, na sijawahi kumwona mteja akiinama kuzisoma.

Breki nitazisema kidogo kwa sababu mpwa ndiye anayezipenda. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuizuia gari inazidi mara nne, na nguvu yote ile inageuka moto. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu ndani ya bomba, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, pedali inazama hadi chini, na kona bado inakuja.

Sasa nije kwenye ubishi wetu.

Juzi nilikuwa gereji moja Magomeni ya hapa Mtwara kutazama Mark X ya fedha. Fundi ni mzee wa bodi, amenyoosha magari tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumpima au kumzika?"

Bonneti limekunjamana hadi kwenye kioo. Shoo imevunjika katikati, na kati ya rejeta na feni kuna bibo limebanwa, limekauka na kuwa jeusi upande mmoja, upande mwingine bado jekundu, nzi wanalizunguka. Korosho yenyewe ilikuwa bado imeng'ang'ania. Mwenye gari ni kijana aliyelinunua baada ya mnada wa korosho wa msimu uliopita, na maelezo yake, ambayo mimi niliyaandika kama alivyoyasema, ni kwamba alikuwa "anaisikilizia tu". Barabara ya Mingoyo, asubuhi, kupita Msijute kidogo. Alikuwa ndani ya kona akakuta lori la saruji linatoka upande wa pili, akaogopa, akaachia mafuta na kukanyaga breki kwa pamoja, gari likatoka nje kuelekea kwenye mkorosho wa watu.

Chini ya mkorosho ule huwa anakaa mama anayeuza mihogo. Alipona kwa sababu alikuwa amevuka barabara kutafuta chenji.

Fundi aliniambia akiwa anachomoa lile bibo kwa bisibisi: "Gari halijui bei yake." Nadhani alitaka kusema kwamba Mark X na hiyo Porsche ninayomsimulia zinaserereka kwa sababu zilezile. Ni kweli. Mguu ni uleule, hofu ni ileile. Lakini yule wa 911 hakuwa na mama wa mihogo mbele yake, na hilo ndilo alilolilipia. Alilipia njia isiyo na gari linalokuja mbele, ukingo wa chuma, watu wa bendera, gari la wagonjwa na la kuvuta. Hapo Nürburgring ukigonga ukingo, mita za chuma ulichokikunja unaletewa ankara yake. Kijana wetu alitaka raha ileile kabisa, na pa kuipatia ni barabara moja tu, ambayo wanafunzi na wenye baiskeli wanaitumia bila kuulizwa kama wanataka kushiriki. Kwa hiyo mpwa akisema matajiri hawa hawana akili, mimi namjibu kwamba kati ya madereva wote wa mwendo ninaowaona, mchana na jioni, wao ndio waliofikiria kidogo.

Kidogo, nimesema. Kwa upande wa bima huwa sielewi wanawaza nini. Mikataba ya bima kubwa ninayoishika mimi ina kipengele kinachotoa nje mashindano na majaribio ya mwendo, na kule kwao bima nyingi za kawaida nazo zinakataa uwanja wa mbio. Zipo bima za siku moja za kununua pembeni, na hata hizo zinakuachia sehemu ya kwanza ya hasara uibebe mwenyewe. Sehemu hiyo kwa gari la namna ile inatosha kununua Noah. Wengine hawanunui kabisa.

Na magari haya hayatengenezeki kwa nyundo na puti. Rowan Atkinson, huyu tunayemjua sote kwa jina la Mr Bean, aliligonga gari lake la McLaren F1 mwaka 2011, barabarani, siyo uwanjani. Matengenezo yalifika pauni 910,000 na bima ikalipa. Lile gari chasisi yake ni ya nyuzi za kaboni. Ikipasuka hakuna wa kuinyoosha, inarudi kwa walioitengeneza. Mwaka 2015 akaliuza kwa takriban pauni milioni 8. Nilipomsimulia fundi, alinyamaza kidogo, akauliza kama yule bwana anahitaji fundi wa rangi.

Kuna kesi moja huwa naikumbuka kuliko zote. Mwaka 2005, huko Fontana, California, siku ya wenye Ferrari kuendesha uwanjani, Carrera GT ilikuwa kwenye mwendo mkali, Ferrari ikaingia uwanjani taratibu kutoka pembeni, Porsche ikakwepa, ikapoteza njia na kugonga ukuta. Dereva na abiria wake wote wawili walifariki. Walikuwa wamesaini karatasi ya kukubali hatari. Bado mjane wa abiria alishtaki, na wakamalizana kwa karibu dola milioni 4.5, zikachangwa na upande wa dereva, uwanja, waandaaji, kampuni ya Porsche na hata yule wa Ferrari. Kila nikimwona mtu anasaini bila kusoma, nakumbuka kwamba hata wale ambao sahihi ile ilikuwa iwalinde hawakuwa salama.

Kijana wa Mark X ana bima ndogo, ile inayolipa hasara ya wengine tu. Maana yake gari lake ni msiba wake. Aliyejitokeza kudai ni mwenye mkorosho, ameleta barua ya serikali ya kijiji na muhuri, na kusema kweli dai lake limeandikwa vizuri kuliko mengi ninayoyapokea mjini.

Basi mpwa akaja na wazo. Ameona mahali kwamba Silverstone, uwanja mashuhuri wa Uingereza, ulikuwa uwanja wa ndege za vita, mbio zikaanza 1948. Viwanja kadhaa vya huko vimetokana na njia za ndege hivyohivyo. "Shangazi, sisi tuna Nachingwea. Watufungulie Jumamosi moja." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Waingereza baada ya vita walikuja Nachingwea na mradi wao wa karanga, wakatujengea bandari ya Mtwara na reli ya kupeleka karanga ambazo hazikupatikana. Reli ilishang'olewa, bandari tunayo. Njia ya ndege Nachingwea ipo, imenyooka, haina mihogo wala mikorosho.

Tukakaa kupiga hesabu kwenye karatasi. Ruhusa ya wenye mamlaka ya viwanja vya ndege, ambayo peke yake ilikula nusu ukurasa. Gari la wagonjwa na daktari. Mitungi ya kuzimia moto. Matairi chakavu ya kupanga pembeni, haya tunayo tele. Watu wa bendera. Bima ya tukio, na hapo mimi ndiye niliyekaa kimya, maana sijui ni ofisi gani ingeniangalia usoni.

"IST inaruhusiwa?" akauliza.

Huko Uingereza gari lolote zima linaingia, nikamwambia, ilimradi lipite ukaguzi na wewe uwe na leseni na kofia ngumu.

Kofia anayo, ya bodaboda, kamba yake imefungwa fundo. Nimemwambia hiyo haipiti hata getini.