Siku moja maishani mwangu: kuwapandisha watu San Gimignano, mji wa minara huku Italia

Saa 11 alfajiri alamu inalia na nje giza totoro, manake mwisho wa Oktoba huku jua halitoki mpaka inakaribia saa 2. Chai ya maziwa na tangawizi kwanza, hiyo siachi hata nikiwa nimechelewa. Halafu mkoba: karatasi ya majina ya abiria, chupa mbili za maji, plasta za malengelenge, pawabenki, na mitandio minne ya kuwaazima wanawake wanaokuja na mabega wazi, kwa sababu kanisani hawaruhusiwi hivyo na sitaki mtu asafiri kote huko aishie mlangoni. Nikaswali alfajiri nikatoka.

Kwa asiyenijua, mimi mzaliwa wa Malindi. Kiitaliano nilikijulia hotelini kwetu nikiwa mapokezi, na Malindi mnaijua, Waitaliano wamejaa, kwa hiyo nilipokuja Firenze, yaani Florence, kusomea utalii lugha ilikuwa tayari mdomoni. Kazi yangu ni kusindikiza wageni. Nahesabu vichwa, nashika saa, natafsiri, namtafuta aliyepotea. Kueleza ndani ya makumbusho ni kazi ya mwongoza watalii mwenye leseni, huyo tunamkuta huko huko, lakini ndani ya basi maiki ni yangu na hapo nasema yangu yote.

Saa 2 kamili basi limeondoka na watu 31. Kiti cha tatu nyuma ya dereva nikaona mama wa makamo kajifunga mtandio vizuri, pembeni yake binti yake, na nikasikia kabisa anasema "hili basi lina baridi jamani". Moyo ukaruka. Nikamfuata, shikamoo mama, akanitazama juu mpaka chini, marahaba mwanangu, wewe wa wapi? Malindi, mama. Basi ikawa furaha, yeye wa Tanga, amekuja miezi miwili kumtembelea binti anayefanya kazi Prato, mji wa jirani. Toka hapo jina langu likawa "mwanangu" siku nzima.

Safari ni kama saa moja hivi, unashika barabara ya kwenda Siena unatokea Poggibonsi, na hapo ndipo huwa nawaelezea habari ya minara. Watu wengi hudhani minara ilijengwa kwa vita tu. Ilikuwa fahari. Mji ulikuwa kwenye Via Francigena, njia ya mahujaji wa kwenda Roma, wapita njia walileta pesa, wafanyabiashara wakatajirika, na kila ukoo mkubwa ukataka mnara wake na uwe mrefu kuliko wa jirani. Hesabu inayosimuliwa ni minara 72. Leo imebaki 14. Mwaka 1255 ikabidi itungwe sheria kwamba mnara wa mtu binafsi usiupite ule wa jumba la serikali, Rognosa, wenye mita 51. Ukoo wa Salvucci wao wakajenga miwili, pacha, imekaa ubavu kwa ubavu mpaka leo, na wenyeji wanasimulia kwamba walikuwa wanajibu sheria ile na kuwaonyesha mahasimu wao, ukoo wa Ardinghelli.

Sasa mtu huuliza, mbona Firenze nayo ilikuwa na minara mingi na leo huioni? Firenze iliikata, serikali ya mwaka 1250 iliamuru ipunguzwe, na baadaye mji ulikuwa na pesa, ukawa unabomoa na kujenga upya kila karne. San Gimignano haikupata pesa hizo. Tauni ya 1348 iliua watu wengi mno, mwaka 1353 mji ukajisalimisha kwa Firenze, njia ya wasafiri nayo ikahamia bondeni. Hakukuwa na wa kubomoa wala wa kujenga. Umaskini ndio uliouhifadhi, na mimi hilo nalisema kwenye maiki polepole ili mtu alisikie, kwa sababu wageni husema "wameutunza vizuri" na hawafikirii wale waliobaki pale wakiishi katika mji mkubwa kuliko idadi yao.

Saa 3 na dakika 20 tumeshuka Porta San Giovanni, lango la 1262. Bondeni ukungu mweupe umetanda na mji uko juu, mita 324 kutoka usawa wa bahari, basi watu wote simu juu. Njia inapanda, ya mawe, maduka kushoto na kulia, na milangoni mwa maduka wametundika vichwa vya nguruwe mwitu vilivyokaushwa, na soseji zake. Mama akanishika mkono. Mwanangu, huyu ni nani? Nikamwambia ni nguruwe wa porini mama, humu usile soseji yoyote bila kuniuliza, mchana nitakutafutia mkate na jibini. Akasema haya, niongoze.

Saa 4 kasorobo tumefika Piazza della Cisterna na hapa ndipo natamani saa isimame. Ni uwanja wa pembe tatu hivi, chini umetandazwa matofali, umezungukwa na majumba na minara, na katikati kuna kisima juu ya vipandio vya mawe. Kilichimbwa 1273 kikapanuliwa 1346, na ukichunguza jiwe lake utaona imechongwa ngazi ndogo, nembo ya Malavolti aliyekuwa hakimu mkuu wa mji wakati huo. Miaka miwili baada ya kupanua kisima, tauni ikaingia. Yaani walikuwa wanajiandaa kwa watu zaidi, maji zaidi.

Watu wanakuja wanakalia ukingo wa kisima wanapiga selfi na minara nyuma. Mimi nawaambia wainuke kidogo wautazame huo ukingo wenyewe. Una mifereji. Kamba za ndoo zimelila jiwe, miaka na miaka ya mikono kuvuta, mpaka jiwe gumu lile limebonyea kama sabuni iliyotumika. Kidole changu cha kati kinaingia, na ndani ni laini, si kama jiwe la pembeni ambalo linakwaruza. Mama wa Tanga akatia vidole vyake vitatu kimoja kimoja, akanyamaza, halafu akasema "hawa walioteka maji hapa ni wanawake na watoto, wenye minara hawakuja kuteka." Nimeleta vikundi pale sijui mara ngapi, na neno hilo sijawahi kulisikia kutoka kwa msomi yeyote.

Ikanirudisha Gede, magofu ya mji wa kale kilomita chache kutoka kwetu, pale tulipelekwa na shule tukiwa wadogo. Msikiti mkubwa na kisima chake, majumba ya mawe ya matumbawe, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa hijria, yaani 1399. Karne ileile! Huku wanazika watu wa tauni na kule kwetu wanaswali na kufanya biashara na bahari. Tofauti ni kwamba Gede ilihamwa kabisa, mibuyu na mikuyu ikaota ndani ya nyumba, huku wachache walibaki. Nilimweleza mama haya yote tukiwa tumekaa na kundi likawa limeshatangulia, ikabidi nikimbie.

Saa 5 kanisa kuu, mitandio yote minne ikatumika. Kuta zote mbili zimejaa picha, Agano la Kale upande mmoja na Jipya upande mwingine, na kuna kikanisa cha Santa Fina, binti aliyefariki mwaka 1253 akiwa na miaka 15, ambaye wenyeji wanasimulia kwamba siku ile maua ya manjano yalichanua juu ya minara. Baadaye mnara wa Torre Grossa, mita 54, ngazi 218. Walipanda 19, wengine tukakaa chini. Waliopanda walishuka wekundu usoni na hawana maneno, na hiyo ndiyo dalili nzuri.

Saa 6 na nusu chakula, kila mtu kivyake. Mama nikampatia schiacciata, mkate bapa, yenye jibini la kondoo, na kwa kuwa mkate wa kawaida wa mkoa huu wa Toskana hautiwi chumvi nikamchagulia huu wenye chumvi juu. Saa 7 na robo tukapanda Rocca, ngome ambayo Firenze iliijenga baada ya kuuchukua mji, sasa imebaki kuta na mizeituni ndani. Tukatandika mtandio chini ya mzeituni tukaswali adhuhuri, mama mbele kidogo, kimya kabisa, upepo tu.

Saa 8 na robo makutano kisimani na mzee mmoja hayupo. Simu haipatikani. Mkewe ameanza kulia. Nikakumbuka kwamba asubuhi aliniuliza mahali pa kukaa akachora, nikarudi mbio mpaka Rocca, namkuta ukutani na daftari amechora minara yote, betri imekwisha, hajui saa ngapi. Alivyoomba msamaha, na ile picha ilivyokuwa nzuri, nikashindwa kumgombeza. Ofisi moja niliyofanyia kazi zamani ilikuwa inaupa mji huu saa moja na nusu tu, picha, duka, basi, twende. Nilitoka huko na sijutii, kwa sababu mtu kama huyu mzee angechora nini kwa saa moja na nusu?

Saa 9 alasiri kanisa la Sant'Agostino, upande wa pili wa mji ambako wageni wengi hawafiki. Hapa huwa nasisitiza na sikubali kuruka. Ukuta wa nyuma ya altare Benozzo Gozzoli alichora maisha ya Mtakatifu Agustino kwa picha 17, mwaka 1464 na 1465. Agustino ni mtu wa Thagaste, Algeria ya leo, mtoto wa Afrika, lakini mchoraji amempa majumba ya Toskana na nguo za Toskana, kwa hiyo anayepita haraka hajui. Picha ya kwanza wazazi wanampeleka shule, na pembeni mwalimu anamchapa matakoni mtoto aliyebebwa mgongoni na mwenzake. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe kiboko kilianza zamani!"

Tukirudi kwenye basi akavutwa na dirisha la duka. Mwanangu, hiyo si zafarani? Ndiyo, na ndiyo iliyowatajirisha hawa, mwaka 1228 mji ulilipa sehemu ya madeni yake kwa zafarani. Na huu ndio msimu, maua yanachumwa kwa mkono asubuhi, na kupata gramu moja iliyokauka unahitaji kama maua 150. Bei ilimshtua lakini akanunua kipakiti kimoja cha pilau ya Idi, na kingine akanitia mkononi akanifunga vidole. Nilikataa. Akasema mzazi akikupa hukatai.

Saa 10 na nusu tumeondoka, nimehesabu vichwa mara mbili, 31. Nusu ya basi ikalala kabla ya Poggibonsi. Saa 12 jioni Firenze, kuagana, mama kanikumbatia, binti yake kaniandikia namba.

Saa 3 usiku nimefua mitandio. Mmoja bado unanukia zafarani kwa sababu kipakiti nilikifungia humo, nikauacha huo bila kuufua. Kesho ni Volterra, watu 26.